Mgongo wa Felisita

Pale Ipililo, wilayani Maswa, mtu akitaka kusifia nguvu za mwanamke alisema, "Kama Felisita." Hakuna aliyeuliza Felisita yupi. Ni yule mke wa Mahona, aliyepanda mwinuko wa kisimani na ndoo ya lita ishirini kichwani bila kuishika, na nyingine mkononi, huku akipiga soga na wenzake waliokuwa wakihema. Msimu wa kuchuma pamba yeye alimaliza mistari miwili wenzake wakiwa bado kwenye mmoja. Gunia likijaa alilikandamiza kwa miguu, akalifunga, akajitwisha, akaondoka nalo kabla wanaume hawajakubaliana nani ashike upande gani.

Nguvu hizo zilikuwa fahari yake, na zilikuwa pia ngao yake. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na minne, na kwa miaka saba tumbo lake halikushika kitu. Watu hawakumsema usoni. Wangemsemaje mwanamke aliyelima ekari ambazo waume zao walishindwa? Felisita alijua hivyo, na kila neno alilohisi likisemwa nyuma yake alilijibu kwa jembe.

Kisha Sylvester, mdogo wake Mahona, akaoa. Alimleta Gloria kutoka Bariadi mjini, binti aliyekulia jirani na stendi, fundi cherehani, mwembamba, vidole laini kama vya mtoto wa shule. Siku ya kwanza kwenda kisimani ndoo ilimponyoka kichwani ikamlowesha mwili mzima. Felisita alicheka mpaka akakaa chini.

"Tumeletewa unyasi," aliwaambia wanawake. "Upepo ukivuma tutamfuata Shinyanga."

Miezi kumi baadaye huo unyasi ukajifungua mtoto wa kiume. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Felisita alipika uji wa mzazi, akambebea Gloria maji ya kuoga, akafanya yote yanayompasa mke mkubwa wa kaya. Lakini alipomwona Gloria akitoa ziwa bila hata kutazama, akimpa mtoto huku akiendelea na mazungumzo kama mtu anayejikuna, aliinuka ghafla. Alitoka nje akachukua shoka, akapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji siku hiyo.

Mwaka wa nane Mungu akamkumbuka. Felisita akashika mimba, na kana kwamba mambo yamepangwa kwa makusudi, Gloria naye akawa na mimba yake ya pili. Wakawa wanakwenda kliniki pamoja, matumbo mbele. Felisita hakupunguza kazi hata kidogo. Alitaka ionekane wazi kwamba hata katika hili atamshinda.

Mwezi wa nane wa mimba mgongo ukaanza kuuma. Si ule uchovu anaoujua kila mwanamke. Yalikuwa maumivu ya katikati ya mgongo, makali, yaliyomshika alipoinama kuwasha moto na kumwachia jasho usoni. Alipouliza kwenye kituo kimoja cha afya aliambiwa mimba ndivyo zilivyo, apumzike, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Alivimeza, akarudi kulima.

Gloria alijifungua kwanza, mtoto wa kike, wakamwita Salu. Wiki mbili baadaye, mwezi wa tatu, Felisita akajifungua mtoto wa kiume mwenye kilo tatu na nusu. Mahona alimpa jina la babu yake, Luhaga. Siku hiyo Felisita alilia kwa furaha mbele ya watu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Furaha haikukaa sana. Kila wiki mgongo ulizidi kumkaba. Kugeuka kitandani kulimchukua muda kama wa kuchemsha chai. Akipiga chafya alihisi amepigwa mpini. Alinyonyesha akiwa amelala ubavu, akiuma kanga. Kisha siku moja alisimama karibu na mlango, akaona kwamba ule msumari wa kutundikia taa, ambao zamani ulikuwa usawa wa macho yake, sasa uko usawa wa paji la uso. Akadhani nyumba imebadilika. Hakudhani kwamba ni yeye aliyefupika.

Na Gloria? Wiki ya sita alikuwa ameshafunga kanga kiunoni, Salu mgongoni, anachota maji. Miaka minne ya Ipililo ilikuwa imemkomaza. Sasa ndoo ilikaa kichwani mwake imetulia, na shingo yake ndefu ilisimama chini yake kama mtu aliyezaliwa kisimani pale. Alichota maji ya kwake, akachota na ya Felisita. Alifagia nyua mbili. Asubuhi alikuja kumwogesha Luhaga, kwa sababu mama yake hakuweza kuinama kwenye beseni.

"Wabeja, mayu, wabeja sana," mama mkwe alimshukuru Gloria kwa Kisukuma chao, akiinua mikono. "Kumbe tulipewa ng'ombe wa kulima tukadhani ni mbuzi."

Felisita aliyasikia hayo akiwa ndani, amelala chali, anahesabu miti ya dari. Zamani aliuonea wivu uzazi wa Gloria. Sasa aliuonea wivu mgongo wake. Alimwonea wivu hata namna alivyookota kijiko kilichoanguka: anainama, anakiokota, anainuka, hata hajui kwamba amefanya kitu. Usiku Mahona alipomwambia kwamba Gloria amemaliza kupalilia kipande cha mahindi, Felisita aligeuza uso ukutani. Kugeuka kulimuuma, lakini aligeuka.

Jirani yao, Wilhelmina, ndiye aliyeleta lile neno. Alikuja kumjulia hali na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye bakuli, akaketi kwenye kigoda, akatazama mlangoni kwanza.

"Mama Luhaga, mimi si mtu wa maneno," alisema, kama wanavyosema watu wa maneno. "Lakini macho ninayo. Yule alikuja hapa unyasi, wewe ukiwa mti. Leo unyasi ndio mti, na mti umekauka. Nguvu za mtu haziendi hivihivi. Zina zilikokwenda."

Felisita angeweza kuliacha lile neno lipite. Alijua neno la namna hiyo linafanya nini katika vijiji vyao. Alikuwa amewahi kuona kaya iliyohama alfajiri ikiacha hata kuku. Lakini lilimwingia mwilini tamu kama asali, kwa kuwa liliupa wivu wake sababu. Kumbe hakuwa na roho mbaya. Kumbe alikuwa ameibiwa.

"Amekula mifupa yangu," alisema taratibu.

Ilikuwa mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. Kufika Jumapili neno lilikuwa limezunguka kisimani, mashineni na kwenye uwanja wa kanisa. Gloria alilisikia. Hakuja kugomba. Aliendelea kuleta maji, ila sasa aliyaweka mlangoni na kuondoka bila kuingia, na uso wake haukuonyesha kitu.

Mwezi wa sita pamba ilikuwa imepasuka shambani na kila mwenye mikono alikuwa huko. Mchana mmoja Felisita alibaki nyumbani na Luhaga, ambaye Gloria, aliyerudi mapema kutoka shambani kupika, alikuwa amemlaza kwenye mkeka kivulini, nje ya nyumba yake mwenyewe, pamoja na Salu. Luhaga aliamka akalia. Felisita akajikongoja, mkono ukutani, akafika mlangoni. Akamwona Gloria anatoka ndani, anamwinua Luhaga kwa mkono mmoja, na Luhaga ananyamaza papo hapo. Si kunyamaza tu: anacheka. Kile kicheko cha mtoto wa miezi mitatu, cha mdomo mzima, ambacho mama yake alikuwa amekisubiri miaka minane, alipewa Gloria.

"Nipe mwanangu," Felisita alisema.

"Dada, kaa kwanza, nitakuletea hapo ulipo."

"Nimesema nipe!"

Alivuka ua kwa hatua ambazo hakuwa amezipiga tangu ajifungue. Akanyoosha mikono, akamchukua mtoto kwa nguvu, akamwinua begani. Akasikia kitu mgongoni. Baadaye alisema kilikuwa kama kijiti kikavu kilichokanyagwa ndani ya gunia. Miguu ikamlegea. Gloria alimdaka mtoto kabla hajafika chini. Felisita hakudakwa na mtu. Alikaa chini kwa kishindo, mdomo wazi, sauti haitoki.

Walimlaza juu ya godoro nyuma ya gari la mtu aliyekuja kununua pamba, wakampeleka Bariadi pamoja na Luhaga. Kila tuta la barabarani alilijua kwa mgongo. Kwenye hospitali ya mkoa walimpiga picha, wakampima damu, wakampima makohozi, kwa sababu daktari alitaka kwanza kujua kama si kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani. Majibu yote yalirudi safi. Siku ya tatu Daktari Ngeleja, mtu wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, alikuja na picha, akaiinua kuelekea dirishani ili Felisita na Mahona waione.

"Hizi ni pingili za mgongo. Za huku chini zimekaa kama matofali, unaona? Sasa tazama hizi nne za katikati. Zimebonyea kwa mbele. Zimevunjika, mama. Tatu ni za zamani, nadhani moja ilianza ukiwa bado mjamzito. Ya nne ni ya juzi."

"Nilianguka?" Felisita aliuliza. "Kabla ya juzi sikuwahi kuanguka mahali."

"Hukuhitaji kuanguka. Mtoto tumboni anajenga mifupa yake kwa madini ya mama. Akizaliwa, anaendelea kuyapata kwenye maziwa. Wanawake karibu wote mifupa inapungua kidogo wakati huo na baadaye inarudi yenyewe, hata hawajui. Wachache sana, sijui niseme mmoja katika maelfu mengapi, inapungua mno mpaka inavunjika kwa kuinua ndoo, au kwa kukohoa. Huu udhaifu wa mifupa tumezoea kuuona kwa wazee. Kitaalamu unaitwa osteoporosisi. Wewe umekupata ukiwa na miaka thelathini na miwili."

Felisita alitazama ile picha muda mrefu. Kisha akauliza swali lililokuwa limemkaa rohoni.

"Daktari, tumezaa pamoja na mwenzangu, mwezi mmoja. Yeye ana watoto wawili. Ni mwembamba kama ufito. Mbona yeye mzima?"

"Sijui," daktari alisema. "Wakati mwingine ni damu ya ukoo, wakati mwingine chakula, wakati mwingine hatuoni sababu. Lakini nikuambie kitu kimoja, maana mnatoka kule na najua yanayosemwa. Hakuna mtu aliyechukua mifupa yako. Kama kuna aliyeichukua, ni huyo mwanao, na yeye hana kosa."

Mahona aliinamisha kichwa. Alikuwa amelisikia neno la mkewe kama wengine wote, na hakuwa amesema kitu.

Daktari aliandika mkanda wa kufunga mgongo, vidonge vya madini ya chokaa na vya vitamini D, maziwa, dagaa waliwao wazimawazima, jua la asubuhi. Asibebe kitu kizito kuliko sufuria ya chai. Mwisho akasema lililo gumu. Aache kunyonyesha, kwa sababu kila siku ya kunyonyesha mifupa inaendelea kutoa.

"Hilo hapana," Felisita alisema.

"Mama, ukiendelea hivi, mtoto atakuwa na maziwa leo, na mama asiyeweza kuinuka kesho."

Kama angebaki hospitali peke yake na mawazo yake, pengine angekaidi. Lakini usiku ule maumivu yalimshikilia mpaka hakuweza kumgeukia mtoto, na kulipokucha alikubali.

Wakanunua maziwa ya kopo, wakarudi Ipililo. Luhaga aliyakataa siku ya kwanza, akayanywa ya pili, na ya nne tumbo likafunguka. Akaharisha mpaka macho yakadidimia. Wakampeleka kituo cha afya, akapewa maji ya chumvi na sukari, akapata nafuu, wakajaribu tena maji yakichemshwa vizuri zaidi, tumbo likafunguka tena. Muuguzi aliyewapokea mara ya pili aliuliza kama hakuna mama mwingine nyumbani anayenyonyesha, aliyepimwa VVU na yuko salama, anayekubali. Mama mkwe alimtazama Felisita. Felisita alitazama sakafu.

Gloria alipoulizwa na Mahona hakukataa, wala hakukubali. Alikuja mwenyewe akasimama mlangoni pa Felisita, Salu mgongoni.

"Shemeji ameniambia. Nimeshapimwa tena, niko salama, maziwa ninayo. Lakini dada, ulisema nimekula mifupa yako. Nikimnyonyesha mwanao leo, kesho akiumwa kichwa, si utasema nimekula na kichwa? Mimi nina watoto wawili. Sitaki waamke siku moja wakute nyumba yetu imechomwa."

Ndani, Luhaga alilalamika kwa sauti ndogo, ya mtoto ambaye hana tena nguvu za kulia.

"Niliyasema," Felisita alijibu.

"Najua uliyasema. Nataka uyafute. Si hapa, mbele yangu tu. Uliyemwambia awepo, na mama awepo."

Waliitwa jioni ileile. Wilhelmina alikuja akijifanya hajui anaitiwa nini. Felisita alikalishwa kwenye kiti chenye mito, mkanda umembana kifuani. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya, hata kubeba magunia, iliyokuwa nzito kama kufungua mdomo wakati ule.

"Nilisema Gloria amekula mifupa yangu," alisema. "Nilidanganya. Nimeiona mifupa yangu kwenye picha. Imevunjika kwa ugonjwa. Gloria hakunifanyia kitu isipokuwa kunichotea maji. Nilisema kwa sababu ya wivu. Wilhelmina, ulipolipeleka lile neno, na hili lipeleke."

Wilhelmina alikohoa, akasema kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini. Mama mkwe alimkata: "Nyamaza wewe, umesikia alichokuambia?"

Gloria alifungua kanga ya mgongoni, akampa mama mkwe Salu, akaketi kwenye mkeka. Akamchukua Luhaga, akampa ziwa. Mtoto alitafuta, akapata, akaanza kunyonya kwa pupa mpaka koo lake likasikika, na vidole vyake vikafunga na kufunguka juu ya titi la mwanamke mwingine.

Usidhani Felisita aliona raha. Mwanawe alikuwa anaokoka mbele ya macho yake, na yeye alitamani kumng'oa pale. Maziwa yake mwenyewe yalijaa kwa kusikia sauti ile, yakalowesha mkanda. Alijifunika kanga asionekane.

Ikawa hivyo kila siku, mara saba, mara nane. Wiki za kwanza hawakuzungumza. Kisha siku moja, Luhaga akiwa upande mmoja na Salu upande mwingine, Gloria akasema bila kuinua kichwa, "Unanitazama kama mtu anayelinda kuku asiibiwe."

"Ninaumia," Felisita alisema.

"Mgongo?"

"Si mgongo."

Gloria alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi na mimi nikuambie. Miaka minne nimeamka katika kaya hii nikisikia Felisita, Felisita. Nikipika, ugali wa Felisita unashika vizuri. Nikilima, Felisita angekuwa ameshafika mwisho wa mstari. Hata Sylvester. Nilijifunza kubeba ndoo usiku, na maji nusu, nisionekane. Ulipoanza kuumwa..." Alimweka Salu vizuri. "Nilifurahi. Siku mbili hivi. Mungu anisamehe. Niliposikia unachosema juu yangu, niliogopa, nikadhani labda kweli furaha ile ndiyo iliyokuvunja."

Felisita alisogeza bakuli la dagaa wa kukaanga lililokuwa pembeni yake, chakula chake cha kila siku alichokuwa amekichoka.

"Kula," alisema. "Wawili wanakunyonya. Usije ukavunjika na wewe, nani atatuchotea maji?"

Maumivu yalianza kulegea mwezi wa tatu wa kuacha kunyonyesha. Mwezi wa sita alitembea hadi kanisani bila kushikwa. Walipompima Bariadi walisema amefupika sentimita tano, na hizo hazitarudi, lakini picha mpya haikuonyesha mvunjiko mwingine. Daktari Ngeleja alimwonya juu ya mimba nyingine: asikimbilie, na ikitokea aje mapema kabla ya mwezi wa tatu. Ndoo ya lita ishirini asiifikirie tena. Msimu uliofuata wenzake walikwenda kuchuma pamba, na yeye alibaki na watoto watatu uani akichambua maharage, akisikia kwa mbali kelele za wachumaji. Alizionea wivu hata hizo kelele.

Kumpakata Luhaga aliruhusiwa akiwa ameketi tu. Mtoto alijifunza haraka: kwa mama huyu unapanda mwenyewe, kwa yule unanyoosha mikono. Yule, alimwita mayu, mama kwa Kisukuma. Na mama yake mzazi pia alimwita mayu. Mtu akimuuliza mayu yuko wapi, alitazama huku na kule, asijue aonyeshe nani.

Luhaga alipofikisha mwaka mmoja na miezi minne, mama yake Gloria alilazwa, na Gloria akaondoka na Salu kwenda kumuuguza Bariadi kwa wiki nzima. Felisita aliisubiri wiki hiyo kama sikukuu. Mwanangu peke yangu, aliwaza. Jioni ya kwanza, baada ya kula, Luhaga akatembea hadi mlangoni pa Gloria, akaugonga kwa kiganja. Akaugonga tena. Kisha akakaa chini kwenye kizingiti akaanza kulia.

Felisita alimfuata, akaketi kando yake polepole, mgongo umenyooka ukutani. Alimwimbia. Alimpa ndizi. Mtoto aliitupa ndizi. "Mayu," alilia, akiuelekeza mlango.

"Mayu ni mimi," Felisita alimwambia.

"Mayu," mtoto alisema, akiutazama mlango.

Alifuta machozi ya hasira. Halafu akatoa simu kwenye fundo la kanga, akapiga.

"Dada? Kuna nini?" Sauti ya Gloria ilikuwa ya hofu.

"Hakuna kitu. Mama anaendeleaje?"

"Leo amekula uji. Huyo anayelia ni nani?"

"Ni nani mwingine. Anakutaka wewe," Felisita alisema, na kulisema kulimuuma kama siku zile za kwanza. "Subiri, zungumza naye."

Akaweka sauti ya juu, akaisogeza simu sikioni mwa mwanawe.